Shipton: Mkulima wa kahawa aliyewafungulia wengine njia ya Everest

Mlima Everest unapotajwa, majina mawili ndiyo hutangulia midomoni mwa watu: Edmund Hillary, mfuga nyuki kutoka New Zealand, na Tenzing Norgay, Msherpa aliyezoea milima tangu utotoni. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kuthibitishwa kukanyaga kilele cha mlima huo mrefu kuliko yote duniani, mnamo Mei 29, 1953.

Wachache hukumbuka kwamba wote wawili waliitwa kwenye mlima huo na mtu mmoja. Mtu huyo ndiye aliyetarajiwa kuiongoza safari ya 1953, na akaondolewa miezi michache tu kabla ya safari kung'oa nanga. Wachache zaidi wanafahamu kwamba jina lake lilianza kusikika humu nchini Kenya, alipokuwa kijana wa miaka 21 akijifunza kilimo cha kahawa.

Jina lake ni Eric Earle Shipton.

Alizaliwa Agosti 1, 1907 katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni taifa la Sri Lanka. Baba yake, mkulima wa majani chai, alifariki kabla mtoto huyo hajafikisha miaka mitatu. Mama akabaki na watoto wawili, Eric na dada yake, akawa ni mtu wa safari, leo hapa kesho pale, hadi mvulana alipofikisha umri wa miaka minane na kupelekwa Uingereza kusoma.

Masomo yalimpiga chenga. Alichelewa mno kujua kusoma, tatizo ambalo siku hizi wataalamu wangelitambua mara moja na kulipa jina, lakini ambalo walimu wa enzi hizo walilichukulia kuwa uzembe. Alianguka mtihani wa kuingia Harrow, mojawapo ya shule za watoto wa wakubwa nchini humo, na ndoto ya chuo kikuu ikafifia vivyo hivyo. Ni kinaya kwamba kijana huyo huyo baadaye aliandika vitabu ambavyo wapenzi wa milima wanavihesabu miongoni mwa vilivyo bora kabisa katika fani yao.

Kile ambacho darasa lilimnyima, milima ilimpa. Akiwa na umri wa miaka 15 aliitembelea milima ya Pyrenees, baina ya Ufaransa na Uhispania. Baadaye alialikwa Norway na rafiki yake wa shuleni, Gustav Sommerfelt, na tangu hapo hakutulia. Likizo zake zikawa za milima ya Alps, ambako alijifunza kutumia kamba na shoka la barafu.

Mnamo 1928 alifunga safari ya kuja Kenya. Hakuja kwa sababu ya mlima. Alikuja kutafuta riziki, kama walivyofanya vijana wengi wa Uingereza wa wakati huo waliokuwa na jina la ukoo lakini hawana cheti wala fedha za maana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetenga nyanda za juu zenye rutuba kwa ajili ya walowezi, na kahawa lilikuwa zao ambalo Mwafrika, kwa jumla, hakuruhusiwa kulilima. Shipton alianza kama mwanafunzi wa kilimo katika shamba moja la Nyeri kabla ya kuhamia Turbo. Ukweli huo hauna budi kutajwa, kwani maisha mepesi aliyopata ya kuweza kuacha shamba na kwenda mlimani yalitokana na mpango ule ambao wenye ardhi yao waliulipia.

Anayeijua Nyeri anajua vile Mlima Kenya unavyojitokeza alfajiri, kabla ya mawingu kuufunika. Wakikuyu huuita Kirinyaga na waliusujudia kama maskani ya Ngai. Shipton aliutazama kila kulipopambazuka. Kufikia wakati huo, kilele chake kirefu zaidi, Batian, chenye urefu wa mita 5,199, kilikuwa kimefikiwa mara moja tu. Hiyo ilikuwa Septemba 1899, wakati Mwingereza Halford Mackinder na waelekezi wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walipokikwea baada ya kusafiri na msafara wa watu wapatao 170. Kwa takriban miaka 30 hakuna mwingine aliyefaulu. Nelion, kilele pacha chenye mita 5,188, hakikuwa kimefikiwa kabisa.

Shipton alipata mwenzake katika afisa kijana wa utawala wa kikoloni aliyekuwa akihudumu Kakamega, Percy Wyn-Harris, ambaye alikuwa amejifunza kupanda majabali alipokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Sommerfelt naye alijiunga nao. Mapema Januari 1929 walikuwa chini ya majabali yale makuu. Walijaribu kwanza upande wa kaskazini-mashariki, wakaambulia patupu. Wakazunguka hadi upande wa kusini-mashariki wa Nelion, wakachunguza kila ufa na kila ukingo, na mnamo Januari 6 Shipton na Wyn-Harris wakasimama juu ya kilele ambacho hakuna rekodi ya mwanadamu kukifikia kabla yao. Katika safari hiyo hiyo walishuka kwenye pengo lenye barafu ambalo Mackinder aliliita Lango la Ukungu, wakakwea upande wa pili hadi Batian.

Msomaji asiyewahi kupanda majabali huenda akauliza kuna ajabu gani. Ajabu ni kwamba hawakuwa na mwelekezi wala ramani ya njia. Kamba za nailoni hazikuwa zimebuniwa. Walitumia kamba za nyuzi za mimea, ambazo zikilowa huwa nzito na zikigandwa na barafu huwa ngumu kama fimbo, na ambazo zingeweza kukatika kwa mtu aliyeanguka kutoka juu sana. Kanuni ilikuwa moja: anayetangulia asianguke. Njia waliyoigundua siku hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo na wengi wanaokwea Nelion. Nayo kambi iliyo katika bonde la Mackinder, ambapo mamia ya watu wanaoelekea kilele cha Lenana hulala kila mwaka kabla ya kuanza kutembea usiku wa manane, inaitwa kwa jina la Shipton.

Wahenga walinena kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Habari za ushindi ule ziliwafikia walowezi wengine, na mmoja wao, Harold William Tilman, aliyekuwa na shamba huko Sotik, akaishika kalamu na kumwandikia Shipton barua. Barua hiyo ndiyo iliyozaa mojawapo ya urafiki mashuhuri zaidi katika historia ya milima.

Ilikuwa vigumu kupata watu wawili waliotofautiana kiasi hicho. Tilman alizaliwa 1898, akapelekwa kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia kabla hajatimiza miaka 18, na akatunukiwa nishani ya ushujaa mara mbili. Alitoka vitani akiwa mtu wa maneno machache, mkali wa nidhamu, asiyejali starehe wala kutafuta kampani ya wanawake. Shipton, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka tisa, alikuwa mcheshi na mwingi wa mazungumzo, msahaulifu wa kupindukia, na kipenzi cha mabinti. Urafiki wao ulijaa adabu za Kiingereza hivi kwamba kwa miaka mingi waliitana kwa majina ya ukoo tu. Inasimuliwa kwamba Shipton alipopendekeza waanze kuitana kwa majina ya kwanza, Tilman alikataa akisema kulitamka jina la Eric kungemfanya ajione mjinga.

Mapema 1930 wawili hao walienda Kilimanjaro wakapanda Kibo na Mawenzi. Miezi michache baadaye walirudi Mlima Kenya wakiwa na nia ya kukwea Batian kupitia ukingo wa magharibi, ambao haukuwa umejaribiwa kwa mafanikio na yeyote. Ukingo huo ni mrefu, una minara ya mawe iliyosimama mmoja baada ya mwingine, na kila unapodhani umefika, mwingine hujitokeza mbele yako. Tilman alikuwa bado mwanagenzi katika upandaji wa majabali. Shipton alitangulia mwanzo hadi mwisho.

Walifika kileleni jioni inakaribia. Kurudi kwa njia waliyoijia hakukuwezekana, kwa hivyo wakavuka hadi Nelion na kuteremka upande ule ambao Shipton aliufahamu. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Giza liliwakuta wangali kwenye majabali, nao wakaendelea kushuka kwa kamba usiku huo. Hadi leo wataalamu huhesabu safari hiyo miongoni mwa kazi bora zaidi zilizofanywa katika milima ya Afrika kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Siku chache tu baadaye, furaha yao nusura igeuke kilio. Walipokuwa kwenye kilele kidogo cha jirani kiitwacho Midget Peak, Tilman aliteleza akaanguka na kupoteza fahamu, akawa ananing'inia kwenye kamba. Shipton aliishikilia kamba hiyo. Asingeishikilia, Tilman angeishia hapo hapo, na huenda Shipton naye. Alimshusha taratibu hadi mahali salama, na baada ya muda mwenziwe akazinduka.

Mnamo Januari 1932 walienda pamoja milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Huko mvua hainyamazi, matope huwafika watu magotini na ukungu huficha vilele kwa wiki nzima. Walikwea Margherita na Alexandra, pamoja na vilele vya Speke na Baker.

Lakini siku zao za Afrika zilikuwa zinayoyoma. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeporomosha bei ya kahawa. Tilman alijaribu bahati yake katika ile kukurukakara ya dhahabu ya Kakamega, akatoka mikono mitupu, kisha 1933 akanunua baiskeli na kuvuka bara zima kutoka Uganda hadi pwani ya magharibi ili apande meli kurudi kwao. Shipton, kwa upande wake, alikuwa ameonja Himalaya tayari. Mnamo 1931 alialikwa na mwandishi na mpanda milima Frank Smythe kwenda Kamet, mlima wa mita 7,756 nchini India. Kundi lao la watu sita lilikuwa la marafiki hasa. Mmoja wao, R.L. Holdsworth, alibeba ski zake hadi juu kwenye theluji akateleza nazo katika kimo ambacho watu wa wakati huo hawakudhani mtu angeweza kupumua vyema, sembuse kucheza. Juni 21, 1931, Shipton alikuwa miongoni mwa waliofika kileleni kwanza. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amesimama juu ya kilele kirefu kuliko hicho kufikia siku hiyo.

Mwaka wa 1933 alichukuliwa katika safari kubwa ya Waingereza kwenda Everest kupitia Tibet. Wyn-Harris naye alikuwemo, na ndiye aliyeokota shoka la barafu lililosalia baada ya wapandaji George Mallory na Andrew Irvine kutoweka huko 1924. Shipton alifika kambi ya mwisho lakini akaugua na kulazimika kurudi. Kilichomkera zaidi hakikuwa kushindwa. Kilikuwa ule msururu mrefu wa wanyama wa mizigo, masanduku ya vyakula vya makopo na ratiba za kijeshi. Alijiuliza ni kwa nini upandaji mlima, ambao Kenya ulihitaji marafiki wawili na kamba moja, ugeuzwe kuwa uhamisho wa kijiji kizima.

Jibu lake lilikuja mwaka uliofuata. Tilman, aliyekuwa ametoka kwenye safari yake ya baiskeli, alimwandikia akipendekeza wakapande vilima vya kaskazini mwa Uingereza kwa wiki mbili. Shipton alimjibu kwa pendekezo la miezi saba Himalaya. Tilman akakubali.

Walikusudia kuingia bonde la Nanda Devi, mlima wa mita 7,816 uliozingirwa na ukuta wa milima mingine pande zote. Mlango pekee ni korongo la mto Rishi Ganga, lenye magenge ya kutisha. Wapanda milima hodari, akiwemo Hugh Ruttledge aliyeiongoza safari ya Everest ya 1933, walikuwa wamejaribu kuingia wakashindwa. Shipton na Tilman walienda na Washerpa watatu tu: Angtharkay, Pasang na Kusang. Gharama ya jumla kwa miezi yote hiyo, nauli ya meli ikiwemo, haikufika pauni 300.

Siku baada ya siku waliinyemelea njia kwenye kingo nyembamba juu ya mto unaonguruma, wakivusha mizigo kipande kwa kipande, wakirudi nyuma pale jabali lilipokataa. Mwishowe wakatokeza kwenye malisho mapana yenye maua na mbuzi wa mwituni, mahali ambapo hakuna habari za mwanadamu kuwahi kufika. Wakachora ramani. Mvua za masika ya huko zilipoanza walitoka, wakavuka milima mingine kati ya mahujaji wa Badrinath na Kedarnath, na katika msitu mmoja uliowapoteza waliishi kwa machipukizi ya mianzi, wakishindania chakula hicho na dubu. Kisha wakarudi bondeni tena na kutokea upande wa pili.

Kuna jambo moja katika safari hiyo ambalo lastahili kutajwa kuliko hata ile ramani. Waingereza hao wawili walibeba mizigo sawa na Washerpa, wakala unga ule ule wa shayiri na kulala chini ya turubai lile lile. Katika zama ambazo bwana alikuwa bwana na mchukuzi mchukuzi, hilo halikuwa jambo dogo, na mtu anaweza kushangaa kwamba mwenendo huo waliufuata India zaidi kuliko walivyoufuata Kenya. Angtharkay alibaki sahibu wa Shipton kwa miaka mingi na akawa mmoja wa viongozi wa Washerpa wanaoheshimiwa zaidi, hata Wafaransa walipomtaka kwa safari yao ya Annapurna 1950.

Mnamo 1935 Shipton alipewa jukumu la kuongoza safari ndogo ya uchunguzi kwenda Everest. Huko Darjeeling, alipokuwa akiteua wachukuzi, alimwona kijana mmoja aliyejipenyeza kwenye foleni bila barua yoyote ya kumpendekeza. Alimchukua, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu ya tabasamu lake. Kijana huyo alikuwa Tenzing. Safari hiyo haikufika kileleni, wala haikukusudiwa kufika, lakini kundi lake lilikwea vilele 26 vyenye urefu wa zaidi ya futi 20,000. Miongoni mwa wenziwe alikuwa Dan Bryant wa New Zealand, mtu mchangamfu aliyewapendeza wote. Jina hilo la Bryant litarudi.

Mwaka wa 1936 bahati zao zilipishana. Shipton alikuwa katika safari nyingine kubwa ya Everest iliyovurugwa na hali ya hewa, ilhali Tilman, pamoja na Noel Odell na kundi la Waingereza na Wamarekani, alirudi kwenye bonde walilolifungua pamoja na kukifikia kilele cha Nanda Devi. Hakuna mlima mrefu kuliko huo uliokwewa hadi 1950. Mwaka wa 1937 wakaungana tena, wakiwa na wenzao Michael Spender na John Auden, kupima eneo la Shaksgam nyuma ya mlima K2, ambako ramani za dunia zilikuwa na nafasi tupu. Kitabu cha Shipton kuhusu safari hiyo kilitoka 1938, mwaka ambao Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, serikali yake ilimtuma Kashgar, magharibi mwa Uchina, kuwa balozi mdogo. Alihudumu huko mara mbili, 1940 hadi 1942 na 1946 hadi 1948. Katikati ya vipindi hivyo alimwoa Diana Channer, aliyeandamana naye kwenye kipindi cha pili, na wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Tilman alimtembelea 1947 na, bila shaka, wakaenda mlimani. Kwenye Muztagh Ata walikaribia sana kileleni kabla ya baridi kuwarudisha, na Shipton akaumizwa vidole vya miguu na barafu. Kituo chake cha mwisho kilikuwa Kunming, ambako Wakomunisti walikuwa wameshika hatamu, aliondoka 1951.

Kufikia wakati huo Tibet ilikuwa imefunga milango, lakini Nepal ilikuwa imefungua yake. Shipton alikuwa hajamaliza kufungua mizigo yake Uingereza alipoombwa kuongoza safari ya kuchunguza Everest kutoka upande wa kusini. Wapandaji kutoka New Zealand waliokuwa Himalaya mwaka huo waliomba wawili wao wajiunge naye. Busara ya kawaida ilimtaka akatae, maana kundi lilikuwa limekamilika na watu hao hakuwajua. Akakumbuka jinsi Bryant alivyokuwa mwenza mwema 1935, akakubali papo hapo. Mmoja wa wageni hao alikuwa Hillary.

Septemba hiyo, Shipton na Hillary walisimama kwenye bega la mlima Pumori, wakatazama juu ya ule mto wa barafu uliovunjika vipande vikubwa kama majumba, na kuona kwa macho yao kwamba njia ya kufika kileleni ipo. Ndiyo iliyotumika 1953. Katika safari hiyo hiyo, Novemba 1951, Shipton alipiga picha za nyayo kubwa kwenye theluji ambazo zilizusha upya habari za kiumbe cha ajabu kiitwacho yeti. Wapo waliozichukulia kama ushahidi na wapo wanaoshuku kwamba mzaha wa marafiki ulipita kiasi. Picha hizo zilimpa umaarufu kwa wasiojali milima hata kidogo.

Kisha mambo yakaanza kumwendea mrama. Nepal iliwapa Waswisi kibali cha 1952, na Mei mwaka huo Raymond Lambert pamoja na Tenzing walifika karibu sana na kilele. Waingereza walikuwa na 1953. Wafaransa walikuwa wamepata 1954. Shipton naye, akiongoza kundi la maandalizi kwenye Cho Oyu 1952, alikataa kuweka kambi upande wa Tibet kwa kuhofia kukamatwa na askari wa Uchina, na mlima huo ukawashinda. Wakosoaji wakapata la kusema: kwamba hana makali, kwamba anapenda kuzurura kuliko kushinda, kwamba mipango humshinda.

Si haki kusema kwamba walikosea kabisa. Shipton mwenyewe aliieleza kamati ya Himalaya jijini London kwamba hapendi safari kubwa wala mashindano, na kwamba huenda damu mpya ikahitajika. Hata hivyo, Julai 1952 kamati ilimthibitisha kuwa kiongozi. Kumbe nyuma ya pazia baadhi ya wanachama walikuwa wakimtafuta John Hunt, afisa wa jeshi mwenye sifa ya kupanga. Mkutano ulipofanyika Septemba 11, Shipton aliombwa atoke chumbani wakati hatima yake ikijadiliwa. Aliporudi, uongozi ulikuwa umekwenda kwa Hunt, naye akajitoa.

Mtu akiamini jambo lisiwezekane, unamwondoa bila lawama. Shipton aliamini linawezekana, ila hakuamini njia yao. Ndiyo maana uamuzi ule uliwachoma waliompenda, si kwa sababu haukuwa na mantiki, bali kwa jinsi ulivyofanywa. Tom Bourdillon alitaka kujiuzulu kwa kumuunga mkono; Shipton ndiye aliyemsihi abaki. Hunt aliondoka na wachukuzi zaidi ya 350 na tani kwa tani za mizigo, akapanga kila kitu barabara, na mlima ukakwewa. Kamati ilipata ilichokitaka. Hunt na Hillary walitunukiwa hadhi ya kuitwa Sir.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kiza. Alipewa usimamizi wa kituo cha kuwafunza vijana maisha ya nje huko Eskdale, akaondoka baada ya muda mfupi. Ndoa yake ikavunjika. Mtu aliyekuwa ameongoza safari za Himalaya na kuiwakilisha nchi yake ughaibuni akawa anafanya kazi ya mikono katika misitu ya Shropshire.

Aliokolewa na kile kile kilichomwokoa shuleni. Alipokuwa na umri wa miaka 50 na ushei alianza kwenda Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, ambako upepo hauachi hema likisimama. Mnamo Desemba 1960 aliingia kwenye uwanda mkuu wa barafu wa eneo hilo pamoja na wenzake watatu wa umri wa kuwa watoto wake. Waliburuta chakula na vifaa vyao, na wakakaa juu ya barafu siku 52 kabla ya kutokea upande wa pili. Baadaye alivuka milima ya Darwin huko Tierra del Fuego, na serikali ya Chile ikamtumia kama mshauri katika mzozo wake wa mpaka na Argentina. Kati ya 1965 na 1967 alikuwa rais wa Alpine Club, chama kikongwe cha wapanda milima jijini London.

Tilman naye alikuwa ameacha milima mirefu akanunua mashua. Aliabiri hadi Patagonia, Greenland na visiwa vya kusini mwa dunia, akifika ufukweni na kupanda chochote kilichokuwepo. Hawakusafiri pamoja tena, lakini walivutiwa na barafu zile zile: Tilman aliuvuka uwanda wa Patagonia miaka mitano kabla ya mwenziwe.

Shipton aliaga dunia Machi 28, 1977 nyumbani kwa rafiki huko Wiltshire, kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 69. Miezi michache baadaye, Tilman, aliyekuwa akikaribia miaka 80, alijiunga na kundi la vijana waliokuwa wakielekea Antaktika kwa mashua iitwayo En Avant. Waling'oa nanga Rio de Janeiro mwanzoni mwa Novemba 1977 kuelekea visiwa vya Falkland. Mashua hiyo haikuonekana tena.